Upanga wa Yasuke na Mlango wa Fizi



Tangu mwaka 2025 jina moja linarudi katika mikutano yetu na vijana wa parokia, nalo halimo katika kalenda ya watakatifu. Tumeliona limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya mfuko wa shule, tumelisikia likiitwa uwanjani baada ya bao: Yasuke. Mwenye jina hilo ni samurai mweusi, shujaa wa mchezo wa video uitwao Assassin's Creed Shadows, ambao kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, iliutoa tarehe 20 Machi 2025. Wengi wenu hamjaucheza kwa mikono yenu, kwa maana mashine zilizomo katika vyumba vya michezo vya mji wetu, kutoka Kalundu hadi Kavimvira, ni za zamani na haziuwezi. Mmeutazama vipande vipande kwenye simu, mkirithishana picha kutoka simu hadi simu. Hata hivyo mnaufahamu kuliko sisi, na mengi tunayoyaandika hapa tumeyapata kwenu.

Wazazi kadhaa, na makatekista pia, walituomba tuandike ukurasa wa kuilaani michezo hiyo. Walisema inafundisha kuua, inakula faranga ambazo mama amezipata kwa kuuza ndakala, inamfanya kijana akose mazoezi ya kwaya. Juu ya faranga tunakubaliana nao kabisa, wala hatutaongeza neno: anayechukua pesa ya mama yake iliyokusudiwa unga ili acheze robo saa, anajua mwenyewe aende kuungama nini. Juu ya mengine tunaomba ruhusa ya kufikiri tofauti. Kijana anayeishi mahali ambapo milio ya risasi imempigia saa za usiku kuliko kengele ya kanisa hakuhitaji mchezo wa video ili ajue kwamba watu huuana. Sisi tunataka kujua jambo jingine: anapomshangilia shujaa yule, anashangilia nini?

Kwanza tuseme wazi kwamba furaha yenu tunaielewa. Kwa miaka mingi mmecheza mkiwa Wazungu, Wamarekani, Wajapani. Mwafrika alipotokea alikuwa adui wa kupigwa au mpita njia. Sasa mtu mweusi amevaa mavazi ya chuma, anasimama katikati ya hadithi, wakubwa wa nchi wanamwita kwa jina. Tena huyo si wa kubuniwa. Yasuke aliishi kweli, na habari zake zimeandikwa na watu waliomwona kwa macho yao. Hapo ndipo sisi wakatoliki tunapaswa kukaa kidogo, kwa sababu walioziandika barua nyingi ni Mapadri, na aliyemfikisha Japani alikuwa Padri.

Mtakatifu Fransisko Xaveri ndiye aliyetia mguu Kagoshima mwaka 1549 na kuanzisha Injili katika visiwa vile. Wengi kati yenu ni wana-Xaveri, mnavaa jina lake shingoni kila Jumapili. Miaka thelathini baada yake, mwaka 1579, Mjezuiti Mwitaliano Alessandro Valignano alifika Japani kukagua misheni, na pamoja naye alikuwapo mtumishi mmoja mweusi. Mwandishi Mjezuiti wa karne iliyofuata alisema mtu huyo ni wa Msumbiji. Valignano mwenyewe alikuwa amepita Msumbiji mwaka 1574, akiwa njiani kuelekea India. Basi huenda mtu huyu alitoka pwani hii yetu ya mashariki, ambako Kiswahili kilikuwa kikisemwa bandarini, na akapelekwa ng'ambo ya bahari mbili.

Mwezi Machi 1581 Valignano alipanda kwenda Kyoto. Watu wa mji waliposikia kwamba kuna mtu mweusi katika nyumba ya Mapadri, walijaa mlangoni hadi wakauvunja, na wengine wakaumia katika msukumano. Oda Nobunaga, bwana mwenye nguvu kuliko wote katika Japani ya wakati ule, aliagiza aletewe. Hakuamini kwamba rangi ile ni ya ngozi. Akamwamuru avue nguo hadi kiunoni na aoshwe. Kitabu cha habari za Nobunaga kinasema alikuwa kijana wa miaka 26 au 27, mwenye nguvu za watu kumi, mweusi kama ng'ombe. Shajara ya mtu mwingine wa zama zile, Matsudaira Ietada, inataja urefu wake, karibu mita 1.88, na jina lake. Nobunaga alipendezwa naye, akamweka katika watu wake, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Wataalamu bado wanabishana kama haya yanatosha kumwita samurai. Mabishano hayo hayatupi usingizi mbaya. Aliyepewa upanga na bwana wake akasimama kando yake alikuwa mtu wa vita, liwe liwalo jina la cheo chake.

Lakini jina Yasuke nalo tulitazame. Ni jina la Kijapani. Lile alilopewa na mama yake hakuna aliyejali kuliandika, si Mjapani wala Padri. Jambo hili linatuuma, na hatutalificha kwa kuwa waliohusika walivaa kanzu. Watangazaji wa Injili waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya roho za Wajapani walisafiri na mtu asiyejichagulia safari, wakaandika juu ya urefu wa mwili wake na nguvu za mikono yake. Mchezo wenyewe hausahau hilo: unamwanzisha Yasuke akiwa mtumishi nyuma ya Wajezuiti, kabla hajapewa silaha. Mzee mmoja wetu aliyetazama mwanzo huo kwenye simu ya mjukuu wake alikasirika, akidhani Kanisa linatukanwa. Tulimwambia kwa heshima: baba, hapo hakuna tusi.

Sasa tufike mahali ambapo mchezo na maandiko ya kale yanaachana. Katika mchezo, Yasuke anapita katikati ya maadui akiwavunja kama mabua. Akianguka, kijana anabonyeza na shujaa anainuka tena, afya tele. Katika habari za kweli tunayo mapigano yake mamoja tu tunayoyajua vizuri. Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582, jemadari Akechi Mitsuhide alimgeukia bwana wake na kulizingira hekalu la Honno-ji alimolala Nobunaga. Nobunaga alikufa humo. Yasuke alikwenda kwa Nobutada, mwana wa Nobunaga, akapigana huko kwa muda mrefu. Kisha mmoja wa watu wa Akechi alimwendea, akamwambia asiogope, atoe upanga wake. Akautoa. Wakamwuliza Akechi wamfanyeje, naye akajibu kwamba huyu ni kama mnyama, hajui kitu, tena si Mjapani. Asiuawe, apelekwe kwenye kanisa la Mapadri. Wajezuiti wakamshukuru Mungu kwa kuwa yu hai, na baada ya hapo maandiko yananyamaza.

Sisi tumeisoma habari hiyo mara nyingi. Mtu aliyeinuliwa hadi kwenye meza ya mkubwa wa nchi, siku mkubwa anapoanguka, anaitwa mnyama. Na uhai wake anaupata kwa tusi hilohilo. Watu wa mwambao huu hawana haja ya kufafanuliwa. Tumewaona vijana waliopewa bunduki na sare, wakaitwa mashujaa kwa miezi mitatu, na mkubwa wao alipokwisha kujadiliana na wakubwa wengine, hakuna aliyekumbuka hata majina waliyopewa na mama zao.

Kuna kitu kingine katika mchezo huo ambacho tunakisifu bila kusita. Yasuke hayuko peke yake. Anatembea na msichana, Naoe, wa nchi ya Iga. Na Iga, kwa kweli ya historia, ilichomwa na majeshi ya Nobunaga mwaka 1581. Yaani Naoe amepoteza kwao kwa mkono wa jeshi ambalo Yasuke alikuwa mtu wake. Watungaji wangeweza kuwafanya wauane hadi mwisho. Badala yake wanawaweka njiani pamoja, na kwa muda mrefu tunaona namna jambo hilo lilivyo gumu: anayelala kando ya moto akimtazama mwenzake anajua kwamba huyu alikuja na waliowasha ule mwingine. Kijana wa bonde la Ruzizi na kijana wa milimani wanaweza kulitazama hilo kwenye simu moja, na tumesikia kwamba wamewahi kulitazama hivyo. Wiki zilezile mchezo ulipotolewa, makumi ya maelfu ya ndugu zetu walikuwa wamekwisha kuvuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine kwa kuogelea. Hatujui mahubiri mengi yaliyogusa chuki za makabila yetu kwa uwazi kama wale wawili wasemavyo kando ya moto. Tunaliandika hili kwa huzuni kidogo.

Upande wa pili, ule mchezo mnaoucheza kweli katika vyumba vyetu, Ghost of Tsushima wa mwaka 2020, nao una somo ambalo nashaka wengi wenu mmelipita mbio. Ni habari ya kubuni ndani ya tukio la kweli, uvamizi wa Wamongolia katika kisiwa cha Tsushima mwaka 1274. Jin Sakai, samurai aliyebaki, anaona kwamba kupigana kwa heshima hakutamwokoa mtu. Anaanza kuua gizani, kisha kwa sumu. Mnashangilia, kwa kuwa adui ni mkatili na sumu inafanya kazi. Lakini mbele kidogo adui anajifunza sumu ileile na kuitumia juu ya watu wa kisiwa. Simamisheni mchezo hapo siku moja, mwulizane ni silaha ngapi zilizoingia Kivu kwa ajili ya kuwalinda wananchi, na leo ziko mikononi mwa nani.

Twende kwa samurai ambaye hakuna aliyemtengenezea mchezo wa kumfikia Yasuke kwa sifa, ingawa waliishi nchi moja, chini ya bwana mmoja. Takayama Ukon alizaliwa mwaka 1552, akabatizwa akiwa mtoto kwa jina la Justo, akawa bwana wa ngome ya Takatsuki. Valignano alipokuwa njiani kwenda Kyoto mwaka ule wa 1581, Pasaka aliisherehekea Takatsuki, kwa Ukon. Msidhani alikuwa mtu wa kuogopa damu: baada ya Nobunaga kusalitiwa, Ukon alikuwa mstari wa mbele katika mapigano yaliyomwangusha Akechi. Alikuwa pia bingwa wa adabu ya chai, sanaa ambayo Wajapani wanaithamini kama sisi tunavyothamini neno la mzee barazani. Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika nafasi ya Nobunaga, alipiga marufuku wamisionari na kumtaka Ukon aikane imani. Ukon alikuwa na askari, ngome na watu waliompenda. Angeweza kupigana. Alirudisha ardhi na cheo, akatoka mikono mitupu, akaishi miaka mingi kwa hisani ya mabwana wengine. Mwaka 1614 wakamfukuza nchini kabisa pamoja na wakristu wapatao 300. Akafika Manila, na baada ya siku zipatazo arobaini akafa kwa homa, mapema mwaka 1615. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Osaka tarehe 7 Februari 2017.

Kijana mmoja alituambia, tuliposimulia hayo, kwamba Ukon alishindwa. Hatukumkaripia. Kwa hesabu ya mchezo, ni kweli.

Na sasa nyumbani. Mnajua, au mngepaswa kujua, kwamba tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri wanne hapa Uvira: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didoné na Bruda Vittorio Faccin, wamisionari Waksaveri wa Parma, pamoja na Padri Albert Joubert. Wengi wenu mlikuwapo, mkaimba. Lakini tumewauliza vijana wa mashirika matatu watueleze Albert Joubert alikuwa mtoto wa nani, na hakuna aliyejibu. Hilo ni kosa letu sisi wakubwa.

Baba yake alikuwa askari. Léopold Joubert, Mfaransa, alikuwa ametumika katika jeshi la Baba Mtakatifu huko Italia, kisha katika miaka ya 1880 akaja Tanganyika kwa kazi moja: kulinda misheni za Mapadri Weupe, na watu waliokimbilia kwao, dhidi ya wateka watumwa waliokuwa wakivusha binadamu ziwani. Aliwafundisha wenyeji kushika bunduki, akapigana kweli kweli, huko Mpala na Mrumbi, kusini mwa ziwa hili hili ambalo mnaogelea. Alimwoa binti wa nchi, Agnes Atakaye, wala hakurudi kwao tena hadi alipokufa mwaka 1927. Kama mnamtaka shujaa mwenye silaha, mwenye ngome, mwenye wanyonge nyuma yake na maharamia mbele yake, msiende Japani. Tunakiri kwamba baadhi yetu tuliposimulia habari zake tulijikuta tukiinua sauti kama ninyi mbele ya kioo. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kumlinda mnyonge ni dhambi, nasi hatutawadanganya.

Mwana wa mtu huyo, Albert, alizaliwa mwaka 1908, mtoto wa damu mbili, akapadirishwa mwaka 1935. Mwaka 1964, uasi wa Simba ulipoufunika mwambao wetu, alikuwa Fizi na miaka yake 56. Alikulia katika nyumba yenye bunduki na sifa za bunduki. Hakuna kitu alichokijua tangu utoto kama hadithi za vita vya baba. Hakushika hata moja.

Tarehe 28 Novemba gari la waasi lilifika kwanza Baraka, mchana. Bruda Faccin alipigwa risasi pale nje. Padri Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka. Akaambiwa apande gari. Akajibu kwamba akitakiwa kufa, afe pamoja na ndugu yake, akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Kisha gari likapanda Fizi. Ilikuwa jioni. Padri Didoné akaja kufungua mlango, akapigwa risasi, na Padri Joubert naye akauawa hapo. Wale Waksaveri watatu hawakuwa wamefikisha miaka 35. Walikuwa karibu rika la viongozi wa vijana wetu. Waliowaua pia walikuwa vijana, wa mwambao huuhuu, waliokuwa wameambiwa na mtu fulani kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwa shujaa.

Hatutaki kufananisha baba na mwana ili tumshushe mmoja. Tunataka tu mwone kwamba katika ukoo mmoja, ufukoni mwa ziwa moja, zilikuwapo njia mbili za kusimama mbele ya mtu mwenye silaha, na kwamba mchezo wa video unajua kuichora mojawapo tu. Kwa ajili hiyo tunatoa maombi mawili. Kwa makatekista na wazazi: msiwafukuze vijana kwa fimbo kutoka vyumba vile, ingieni, ketini, mwulize yule Naoe ni nani. Kwa ninyi vijana: mtu akija jioni, mwenye maneno matamu, akawaambia kwamba nchi inawahitaji na bunduki iko tayari, mwulizeni alimzika nani aliyekuja naye mara ya mwisho, na jina la huyo aliyezikwa lilikuwa nani. Asipolijua, rudini nyumbani.

Katika mkutano wetu wa mwisho mvulana mmoja, mchezaji hodari kuliko wote, aliuliza kwa nini hakuna aliyetengeneza mchezo wa wenyeheri wetu. Mwenzake akamcheka: «Mchezo gani huo? Hodi, unafungua mlango, umekwisha.» Wote wakacheka, sisi pia. Kisha yule wa kwanza akanyamaza kitambo, akasema kwamba yeye anadhani sehemu ngumu ni pale kabla ya kufungua, kwa sababu gari walikuwa wamelisikia likipanda.